Somo: Tukicheza Upande wa Mubaya



Mwezi uliopita kulikuwa mabishano makubwa bwenini. Mmoja wetu alileta ordinateri ya kaka yake, na ndani yake mlikuwa mchezo wa zamani uitwao Dungeon Keeper. Katika mchezo huu mchezaji si shujaa. Yeye njo mubaya. Wengine walisema: "Huu mchezo ni wa shetani, ufutwe." Wengine wakajibu: "Ah, ni mchezo tu, iko kosa gani?" Sisi wa gazeti tukaombwa tuchunguze. Tulicheza jioni tatu, kila mara mpaka kuranti ilipokatika, halafu tukakaa chini tukazungumza. Haya ndiyo tuliyopata.

1. Mchezo wenyewe

Ulitengenezwa Uingereza na kampuni ya Bullfrog, chini ya uongozi wa Peter Molyneux, ukatoka mwaka 1997. Mchezaji ni bwana wa shimo chini ya ardhi. Hana mwili. Ana mkono mmoja mkubwa tu unaotembea juu ya kila kitu. Katikati ya shimo kuna moyo wake. Maadui wakiuvunja, ameshindwa.

Vijitu vidogo viitwavyo imp vinachimba udongo na kumletea dhahabu. Kwa dhahabu ile anajenga vyumba: pa kulala, pa kufuga kuku, pa mazoezi, hata gereza. Vyumba vikiwa vizuri, mazimwi yanakuja yenyewe kutafuta kazi. Juu ya ardhi kuna nchi yenye raha, na kutoka huko wanashuka mashujaa wenye panga kuja kumwondoa. Kazi yake ni kuwashinda na kuiharibu raha ile.

2. Kicheko kinatoka wapi?

Tuseme kweli: tulicheka sana. Juu ya nini? Kwanza, mambo yamegeuzwa. Shujaa anaingia na kiburi chake, sisi tunamngoja na mtego. Ni sawa na hadithi za wazee wetu: msimulizi hodari ndiye anayejua kutoa sauti ya Fisi, na watoto wanaingoja sauti ile kuliko ya Sungura. Na katika mchezo wa Noeli, ninyi wote mnajua ni nani anayepigiwa makofi mengi. Si mchungaji wa kondoo, ni Herode.

Pili, huyu mubaya ana taabu za kila mkubwa wa kazi. Siku ya mshahara inafika, mazimwi yanapanga mstari kwenye hazina. Dhahabu ikipungua yananuna, mengine yanahama. Kuku wakikwisha, kelele. Wawili wasiopatana wakilala chumba kimoja, vita. Yule mwenye pembe, aliye na nguvu kupita wote, akikasirika anawapiga wenzake wenyewe. Mmoja wetu akasema: "Kumbe hii ni kazi ya mtunza bweni!" Tunamwomba mtunza bweni wetu asikasirike. Tumejifunza kwamba maharagwe hayaji yenyewe.

Tena, kucheza upande huu kunafundisha hesabu ya uovu. Ukisoma kisa ukiwa upande wa shujaa, mubaya anatokea tu kama radi. Ukikaa mahali pake, unaona kwamba uovu unahitaji chakula, mshahara, gereza, na watu wengi wanaokubali kutumika. Mtu anayeijua hesabu hii hadanganywi upesi.

3. Jambo la kofi

Lakini liko jambo lililotunyamazisha. Mkono ule unaweza kupiga kofi. Ukipiga imp, inafanya kazi mbio zaidi kwa muda kidogo, lakini uzima wake unapungua. Ukizidisha, inakufa. Imp hailipwi, haili, hailali. Jioni ya kwanza tulipiga moja tukacheka. Jioni ya tatu tulikuwa tunapiga zote, na hakuna aliyecheka tena. Ilikuwa imekuwa desturi.

Mwenzetu mmoja, ambaye jamaa yake ilikimbia kijiji chao mwaka 2017 kwa sababu ya vita, alitazama dakika chache akatoka nje. Tulimfuata tukamwuliza. Akasema: "Ninyi mnaona kutoka juu. Mimi niliona kutoka chini." Hatukuwa na jibu.

4. Hesabu hii ilifanywa hapa kwetu

Kaskazini ya mji wetu, kando ya ziwa, kuna Mtowa. Karne moja na nusu iliyopita, misafara kutoka Maniema ilifika hapo na pembe za ndovu na watumwa, wakavushwa kwa mashua kwenda Ujiji, kisha kwa miguu mpaka pwani. Mwaka 1879 Edward Hore na wenzake wa Misioni ya London walianza kituo huko Mtowa, wakayaona mambo haya kwa macho.

Baharia wa misioni ile, Alfred Swann, alikutana mwaka 1882 na msafara wa Tippu Tip, naye akayaandika katika kitabu chake cha mwaka 1910. Alimwuliza mnyapara mmoja: mama akishindwa kubeba mtoto wake na mzigo wa pembe pamoja, mnafanya nini? Mnyapara akajibu bila haya kwamba pembe haiwezi kuachwa; mtoto ndiye anayeuawa, ili mzigo wa mama upungue.

Wenzetu, mnyapara yule hakuwa zimwi mwenye pembe kichwani. Alikuwa mtu anayehesabu. Alitazama kutoka juu.

5. Sasa, tucheze ao tusicheze?

Sisi hatusemi mchezo ufutwe. Mchezo wenyewe una dawa ndani yake: kuna nguvu moja inayomwezesha bwana wa shimo kuingia ndani ya kiumbe chake na kuona kwa macho yake. Jioni ya mwisho tuliingia katika imp. Mara ukuta uliokuwa kamstari kadogo ukawa mrefu, njia ikawa giza, na kila kitu kikawa kikubwa kutupita. Toka hapo makofi yalipungua. Tulishindwa mchezo mara mbili, lakini si neno.

Tunatoa mashauri matatu:

(a) Ukicheza upande wa mubaya, ujue kwamba unacheza. Herode akiteremka jukwaani anavua taji. Asiyevua, huyo amepotea.

(b) Mara kwa mara jiulize: yule wa chini anaona nini?

(c) Angalia ni nani anayekuchezea weye. Mwaka 2014 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo huu kwa simu, bure. Lakini kuchimba kipande kimoja cha mwamba kuliweza kuchukua saa 24, ila ukilipa. Mwaka uleule, shirika linalosimamia matangazo ya biashara Uingereza likakataza tangazo moja lililosema bure bila kueleza jambo hili. Pale mchezaji alifikiri yeye njo bwana wa shimo, kumbe alikuwa imp.

Maulizo ya kuzungumza kalasini

1. Kwa nini watu wanapenda kumcheka mubaya? Je, kicheko kinamwongezea nguvu ao kinampunguzia?

2. Mnyapara wa msafara alikuwa mtumishi wa mwingine. Je, kosa lilikuwa lake, la bwana wake, ao la wote wawili? Eleza.

3. Taja kazi moja hapa shuleni ambamo mtu anaweza kuanza kupiga "makofi" kwa desturi bila kujiona. Walimu nao wanakaribishwa kujibu.

Majibu mazuri tutayaandika katika gazeti lijalo. Mwenzetu yule aliyetoka nje amekubali kuyasoma kwanza.