Manabii wa Maangamizi na Fadhila ya Busara

Tarehe 11 Oktoba 1962, akifungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Mtakatifu Yohane XXIII alisema hakubaliani na manabii wa maangamizi, yaani watu wanaotabiri mabaya daima kana kwamba mwisho wa dunia umefika. Siku chache baadaye ukazuka mgogoro wa makombora ya nyuklia nchini Kuba. Je, Baba Mtakatifu alikosea?

Mwanafalsafa Aristotle anatusaidia kujibu. Katika kitabu chake kiitwacho Juu ya Tafsiri, sura ya 9, anauliza kama vita vya baharini vya kesho vimekwisha kuwa vya lazima leo. Anaona kwamba vitakuwapo au havitakuwapo, lakini hakuna kati ya hayo mawili lililo la lazima sasa. Kama kila jambo lingekuwa la lazima, kushauriana kungekuwa kazi bure.

Hapo ndipo lilipo kosa la mtabiri wa maafa. Hakosei kwa kuona hatari, maana hatari zipo. Anakosea kwa kulifanya linalowezekana kuwa la lazima, na hivyo kujiondolea wajibu. Anayesema, "Jumuiya yetu imeshakufa," haoni tena haja ya kumtembelea mwanajumuiya aliyeacha kusali.

Basi, tunyamaze? Hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anahesabu kuona mbele na tahadhari kuwa sehemu za fadhila ya busara. Wahenga nao walisema: tahadhari kabla ya hatari. Yona aliionya Ninawi kuwa zimebaki siku 40. Watu wakatubu, mji ukapona, naye Yona akakasirika! Huo ndio mtihani wetu: janga tulilolitabiri lisipotokea, tunafurahi au tunaudhika?

Yohane XXIII hakukosea. Tarehe 25 Oktoba 1962 aliwasihi watawala kwa njia ya redio wasikie kilio cha watu wanaotaka amani, na tarehe 11 Aprili 1963 akatoa waraka wa Pacem in Terris. Aliiona hatari, akatenda.

Hata sisi waseminari tuna manabii wetu mezani: "Mwaka huu wengi watarudishwa nyumbani." Huenda ikawa kweli. Lakini yupo mwenzetu anayelisikia neno hilo huku moyo wake ukiyumba. Kabla ya kulitamka, tujiulize: nimemsaidia nini ili lisitokee?