Jua Haki Zako: Kutangaza Biashara kwa Shindano la Zawadi Mtandaoni

Msimu wa pamba uwadiapo, fedha zikaanza kuzunguka baina ya Zagayu na mji wa Bariadi, mkoani Simiyu, muuza vitenge au muuza simu aghalabu huona kwamba hapana njia nyepesi ya kuwavuta wateja kuliko kutangaza katika ukurasa wake wa Facebook au kundi la WhatsApp kuwa atakayetimiza kadha wa kadha atapata zawadi. Jambo hilo si haramu. Bali lina masharti, na mwenye kuyapuuza aweza kujikuta anajibu mashtaka badala ya kuhesabu faida.

Sharti la kwanza lahusu namna ya kumpata mshindi. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ndiyo msimamizi wa bahati nasibu nchini, na kwa sababu hiyo mabenki na kampuni za simu zichezeshapo droo za promosheni, mwakilishi wa Bodi huwapo. Basi ukimtaka mteja anunue bidhaa au atume fedha ili jina lake liingie katika droo, usianze kabla ya kuiuliza Bodi kwa maandishi na kupata idhini yake. Shindano la ustadi, kama la picha bora ya vazi lililoshonwa kwa kitenge chako, ni jambo la namna nyingine. Hata hivyo, vigezo na waamuzi sharti vijulikane mapema.

Sharti la pili ni kutohadaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kwa hiyo andika waziwazi siku ya kuanza na ya kumaliza, nani aruhusiwa kushiriki, zawadi ni kitu gani na ni ngapi, wala usiyageuze masharti watu wakiisha kuingia. Facebook nayo hairuhusu kumlazimisha mtu ashee tangazo katika ukurasa wake au awatagi rafiki zake ili ashiriki, na yataka ieleweke kwamba yenyewe si mdhamini.

La tatu ni siri za watu. Majina na namba za simu ulizokusanya zalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022. Zitumike kwa shindano lile tu, na picha ya mshindi isitangazwe pasipo ridhaa yake.

Nawe mshiriki, fahamu haki yako. Mshindi wa kweli hatozwi ada ili akabidhiwe zawadi. Ukitumiwa ujumbe wa namna hiyo, usitume hata senti, bali itume namba ya tapeli kwenda 15040. Zawadi ikizuiliwa, hifadhi picha ya tangazo na ya majibu uliyopewa, mdai mwenye duka kwa maandishi, na akikaidi, mwendee msaidizi wa kisheria, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua na ambaye huduma yake ni bure, akuelekeze kabla hujafika Mahakama ya Mwanzo.

Mwenye duka asiye na uwezo wa kuitoa zawadi leo, asiitangaze leo.