Namna ya Kumpunguzia Mtoto Mchanga Maumivu ya Sindano

Kilio cha mtoto mchanga anapochomwa sindano husikika kila siku ya kliniki. Wako wazazi wanaokipuuza, wakidhani kuwa mtoto wa siku chache hana fahamu ya maumivu. Wako pia wanaoingiwa na huruma hata wakachelewa kurudi kwa chanjo inayofuata. Makala haya yanakusudia kuwaelimisha wakazi wa Kata ya Mwazye kwamba maumivu hayo ni ya kweli, na kwamba yaweza kupunguzwa pasipo dawa wala gharama.

Dhana kwamba mtoto mchanga haumii ilikuwapo hata miongoni mwa madaktari. Hadi miaka ya 1980, katika nchi zenye hospitali kubwa, baadhi ya watoto wachanga walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa kidogo mno ya kutuliza maumivu. Mwaka 1987 utafiti wa Daktari K. J. S. Anand na wenzake huko Oxford, Uingereza, ulionyesha kuwa watoto waliotulizwa maumivu ipasavyo walipata madhara machache zaidi baada ya upasuaji. Tangu hapo fikra za wataalamu zilibadilika. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kupunguza maumivu wakati wa chanjo, na mengi kati ya hayo yamo mikononi mwa mama mwenyewe.

Mtoto wetu huchomwa mara kadhaa mapema maishani: chanjo ya kifua kikuu begani anapozaliwa, kisha sindano za mapajani katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wengine hutobolewa kisigino ili kuchukua matone ya damu kwa ajili ya kipimo. Katika nyakati hizo, mzazi azingatie yafuatayo:

1. Mpakate mtoto. Asilazwe peke yake mezani wala asibanwe kwa nguvu. Mtoa huduma atakuelekeza namna ya kumshika ili kiungo kinachochomwa kitulie.

2. Mnyonyeshe kabla ya sindano, wakati wa sindano na baada yake. Kunyonya, utamu wa maziwa, joto na harufu ya mama kwa pamoja humtuliza. Matone ya chanjo ya mdomoni hayazuii kunyonyesha. Ni vema yatangulie, sindano ifuate.

3. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuchomwa, nanyi mjifunike khanga au blanketi. Kwa baridi ya Ufipa ya Juni na Julai, jambo hili lina faida maradufu: kisigino chenye joto hutoa damu kwa urahisi, hivyo mtoto hupunguziwa uwezekano wa kutobolewa mara ya pili. Mama asipokuwapo, baba au bibi aweza kumpakata hivyo.

4. Zungumza naye kwa sauti ya upole. Usipasugue mahali palipochomwa, wala usipake dawa yoyote ya kienyeji.

Yapo pia ya kuepuka. Usimpe mtoto dawa ya maumivu kabla ya chanjo; homa ikijitokeza baadaye, pata ushauri wa mtoa huduma. Usimpe maji ya sukari yaliyotengenezwa nyumbani. Japokuwa baadhi ya hospitali hutumia matone machache ya sukari yaliyopimwa na wataalamu, mtoto aliye chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama pekee.

Ieleweke kwamba njia hizi ni za michomo midogo. Haziwi badala ya dawa katika upasuaji. Aidha, mtoto anayelia mfululizo, anayekataa kunyonya au mwenye homa kali apelekwe kituo cha huduma za afya bila kuchelewa.

Mama asione haya kumwambia muuguzi: “Naomba nimnyonyeshe wakati unamchoma.” Ombi hilo halimkosei heshima mtaalamu, bali humrahisishia kazi, kwa kuwa mtoto aliyetulia huchomwa kwa usalama zaidi. Huenda mtoto akalia bado, lakini atanyamaza mapema, na mama atarudi nyumbani akiwa na moyo wa kumleta tena tarehe iliyoandikwa kwenye kadi itakapofika.