Kitenzi "kuisha" na chaji ya dawa ya shamba

Kwetu Karuba, katika Masisi, neno chaji linajulikana kwa simu tu. Unapeleka simu kwa mwenye paneli ya jua, unalipa, na kesho yake unalalamika kwamba chaji imeisha. Kitenzi hicho hicho alinijibu nacho mjomba nilipomuuliza dawa ya magugu aliyopulizia kando ya viazi imeenda wapi. "Mvua ilinyesha mara mbili, mtoto wangu. Dawa iliisha."

Kimaana, "kuisha" hapo kunafunika mambo matatu: dawa imehama na maji, imeshikwa na udongo, au imevunjika. Wakemia wangeyatenganisha, na mara nyingi kinachoamua ni chaji, ingawa si ile ya simu.

Tuchukue parakwati. Molekuli yake ina chaji chanya mbili, nazo haziishi kamwe, udongo uwe na asidi au usiwe nayo. Mfinyanzi una chaji hasi. Basi vinavutana, na parakwati inajibana katikati ya tabaka za mfinyanzi, mahali ambapo bakteria hawafiki. Vipo vijidudu vinavyoweza kuila ikiwa majini, lakini ndani ya udongo inakaa miaka. Kwa kuwa haionekani tena, tunasema imeisha. Udongo ukimomonyoka, inasafiri nao.

Dawa iitwayo 2,4-D ni kinyume. Katika udongo wa kawaida ina chaji hasi, mfinyanzi unaisukuma, inabaki kwenye maji ya udongoni, na bakteria huivunja kwa siku au wiki chache, mradi mvua kubwa isiwatangulie. Hata hivyo, udongo wa majivu ya volkano una tabia yake: asidi ikizidi, chaji chanya ya udongo nayo huongezeka, na 2,4-D inaweza kushikwa. Ukitia chokaa kupunguza asidi, unailegeza.

Kwa hiyo sisi tunaotafsiri maelezo ya dawa tusiandike "huisha baada ya wiki mbili". Nilifikiria "kuoza", mjomba akacheka: kinachooza kinanuka. "Kuvunjika" alikikubali.

Nikamuuliza upya kwa vitenzi vyote vitatu. Kibandiko cha chupa kilikuwa kimebanduka, hatukujua ni dawa gani. Alikaa kimya kidogo, kisha akatazama kijito kilicho chini ya shamba, tunapochota maji.

"Kama ni ile ya kuhama," akasema, "imepita pale."