"Wote Walifanya Hivyo"

Wazazi wajua jinsi mtoto akamatwapo katika kosa asemavyo mara: "Hata wenzangu walifanya." Udhuru huo tuliusikia Januari 2013 kinywani mwa mtu mzima, Lance Armstrong wa Marekani, aliyekwisha kuvuliwa ushindi wa mara saba (1999-2005) wa Tour de France, mashindano makuu ya baiskeli. Alikiri kutumia dawa ya EPO, izidishayo chembe nyekundu za damu ili misuli ipate hewa zaidi; lakini alisema kwamba zamani zile hakujiona mdanganyifu, kwa kuwa aliona hali ni sawa kwa wote.

Je, ilikuwa sawa? Twamkumbuka Mfaransa Christophe Bassons, aliyeikataa dawa hiyo. Mwaka 1999, kipimo rasmi cha kuigundua EPO kikiwa bado hakijapatikana, aliandika mashaka yake gazetini. Armstrong alimfikia njiani, akamwambia aondoke. Wenziwe wakamtenga, naye akayaacha mashindano. Basi walikuwa "wote" kwa sababu asiyekubali alifukuzwa! Uovu huu twauona mkubwa kuliko hata madhara ya mwili, nayo si madogo: damu huwa nzito, yaweza kuganda na kuua.

Mtoto akituletea udhuru ule, yafaa tumwulize ni nani aliyekataa, na alitendwaje.

Wasimamizi wa mchezo hawakumpa mtu mwingine ushindi ule. Miaka saba imebaki bila mshindi.