Kumbukumbu Isiyokumbuka: Istilahi za Hifadhi, Kumbukumbu na Usasishaji katika Ulinganishaji wa Simu Kinara Mtaani Makadara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi tatu ambazo mnunuzi wa simu hukutana nazo kabla ya kutoa pesa mfukoni: kumbukumbu, hifadhi na usasishaji. Data ya kiufundi imetokana na simu kinara tatu zinazoshindana, zilizotangazwa kati ya Agosti 2024 na Januari 2025. Data ya lugha imetokana na mazungumzo ya kawaida ya uuzaji katika mitaa ya Makadara, Nairobi. Hoja kuu ni kwamba neno kumbukumbu limebebeshwa dhana mbili zinazopingana, na kwamba hasara ya mkanganyiko huo humwangukia mnunuzi. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Anayeshuka matatu katika Barabara ya Jogoo na kuingia Hamza, Jericho au Maringo hatembei mbali kabla ya kukutana na kibanda cha simu. Nyingi kati ya simu zinazouzwa humo ni za mtumba, na baadhi ni zile ambazo miaka michache iliyopita zilikuwa simu kinara, yaani simu ambazo kila kampuni huzitanguliza kama kilele cha ufundi wake. Juu ya kasha au nyuma ya simu huandikwa tarakimu mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju: 8/256, 12/128, 12/256. Muuzaji akiulizwa maana yake, mara nyingi jibu huwa neno moja: "Memori."

Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipa gharama ya neno hilo. Alipokuwa akijiandaa kukusanya simulizi za wazee wa Jericho na Maringo kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamili, alipelekwa mbele ya simu mbili za mtumba zenye bei inayokaribiana. Moja, aliambiwa, ina "memori 12," na nyingine ina "memori 8." Alichagua ya 12, akiamini kwamba penye 12 pataenea zaidi kuliko penye 8. Hakujua kwamba tarakimu hizo hazikuhusu mahali ambapo rekodi zake zingekaa. Simu aliyoichukua ilikuwa na hifadhi ya GB 128. Ile aliyoiacha ilikuwa na GB 256. Wiki kadhaa baadaye, bibi mmoja akiwa katikati ya ngano yenye wimbo, simu ilijaa na kamera ikajizima. Bibi alipoombwa kurudia alikubali kwa moyo mkunjufu, akacheka na kusema, "Iliyosahau ni simu yako, mjukuu wangu." Alirudia. Lakini kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kwamba utendaji haurudiwi, husimuliwa upya. Wimbo wa mara ya pili ulikuwa mfupi, na kiitikio chake kilikuwa kingine. Kilichopotea hakijapatikana hadi leo.

Kisa hiki ndicho chanzo cha swali la makala: je, kosa lilikuwa la muuzaji, la mnunuzi, au la istilahi?

2.0 Neno Moja, Dhana Mbili

Simu, kama ilivyo kompyuta (au tarakilishi, kama wengi wetu nchini Kenya tulivyofunzwa kuiita), ina mahali pawili pa kuweka data. Pa kwanza ni pale inapowekwa kazi inayofanywa wakati huo: programu iliyofunguliwa na ukurasa unaosomwa. Simu ikizimwa, mahali hapo huwa patupu. Hapa ndipo panapoitwa RAM. Pa pili ni pale picha, rekodi, nyaraka na programu zenyewe zinapokaa hata baada ya simu kuzimwa.

Tuchukue mfano wa familia inayoishi katika nyumba ya chumba kimoja. Mchana kuna meza, na juu yake mtoto huandika huku mama akipanga hesabu za biashara. Usiku meza husogezwa ili godoro litandikwe, na kila kilichokuwa juu yake lazima kiondolewe. Chini ya kitanda kuna sanduku, na kilichomo hukutwa asubuhi. RAM ni meza. Hifadhi ni sanduku. Meza pana huwezesha kazi nyingi kufanyika kwa wakati mmoja, lakini haiongezi sanduku hata shubiri moja.

Sasa tulitazame neno kumbukumbu. Limetokana na kitenzi kumbuka kwa njia ya uradidi, na katika matumizi ya kawaida hutaja kile kinachodumu. Kumbukumbu za mkutano ni maandishi ya kurejelewa miaka ijayo. Jengo la kumbukumbu husimamishwa ili tukio lisisahaulike. Kitabu cha tano cha Biblia kiliitwa Kumbukumbu la Torati, yaani sheria iliyorudiwa ili idumu. Hata hivyo, neno hilohilo linapotumiwa kutaja RAM, linatwishwa dhana iliyo kinyume kabisa: kile kinachofutika umeme unapokatika. Ni kumbukumbu isiyokumbuka. Msemaji wa Kiswahili anayesikia "kumbukumbu 12" na kudhani kwamba ametajiwa mahali pa kudumu hajakosea lugha yake, ameifuata.

Haitoshi kudai kwamba Kiingereza kiko salama. Matangazo mengi ya simu yanayotumia lugha hiyo hutaja hifadhi kwa kifupisho ROM, ambacho kwa asili kilitaja kumbukumbu inayosomwa tu bila kuandikwa. Simu isiyoandikika isingeweza kupokea hata picha moja. Mkanganyiko huu, basi, tumeurithi, nasi tukauongezea wetu.

3.0 Simu Tatu katika Mizani

Ili kuonyesha uzito wa tofauti hiyo, tutalinganisha Pixel 9 Pro ya Google (Agosti 2024), iPhone 16 Pro ya Apple (Septemba 2024) na Galaxy S25 Ultra ya Samsung (Januari 2025).

3.1 Hifadhi

Pixel 9 Pro na iPhone 16 Pro zote mbili huanzia GB 128 na kupanda hadi terabaiti 1. Galaxy S25 Ultra huanzia GB 256 na kufikia terabaiti 1 vilevile. Hakuna hata moja yenye nafasi ya kadi ya memori. Samsung iliiweka nafasi hiyo katika Galaxy S20 ya mwaka 2020, kisha ikaiondoa katika S21 ya mwaka 2021. Kwa hiyo uamuzi wa hifadhi hufanywa mara moja tu, siku ya kununua.

Mtafiti wa nyanjani anapaswa kuzigeuza tarakimu hizi kuwa saa. Video ya ubora wa 4K, kwa fremu 30 kwa sekunde, huweza kula takriban MB 170 kwa dakika, yaani zaidi ya GB 10 kwa saa. Simu ya GB 128, ambayo sehemu yake tayari imechukuliwa na mfumo wenyewe, haitafikisha saa 12 za video ya aina hiyo. Sauti pekee, ikirekodiwa bila kubanwa kwa kiwango cha sidii, huchukua takriban MB 635 kwa saa. GB 100 zilizo wazi zingebeba zaidi ya saa 150. Laiti mwandishi angalifahamu hesabu hii mapema, angalirekodi sauti na kuiachia video sehemu chache za utendaji.

Jambo jingine ni kwamba mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali baadhi ya kompyuta huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Ndiyo maana GB 256 huweza kusomeka kama 238. Muuzaji hapo hajaiba.

3.2 Kumbukumbu ya kazi

Pixel 9 Pro ina RAM ya GB 16. Galaxy S25 Ultra kwa kawaida ina GB 12. iPhone 16 Pro ina GB 8, ingawa Apple haina desturi ya kuitaja tarakimu hiyo katika maelezo yake rasmi. Mnunuzi anayepima kwa neno "memori" pekee ataiona iPhone kuwa nusu ya Pixel. Hitimisho hilo halifai, kwa kuwa mifumo ya uendeshaji ya kampuni hizi hugawa kazi kwa njia tofauti, na tarakimu ya RAM hulinganishwa kwa haki zaidi baina ya simu zinazotumia mfumo mmoja.

Aidha, kuna simu zinazotangazwa kuwa na RAM ya "8+8." Nane ya pili si RAM halisi. Ni sehemu ya hifadhi iliyoazimwa ifanye kazi ya RAM, na kasi yake ni ndogo zaidi. Samsung huiita huduma hiyo RAM Plus, na kampuni nyingine zina majina yao. Kwa mfano wetu, ni kufunika sanduku na kuandikia juu ya kifuniko chake: inawezekana, lakini meza haijaongezeka, na sanduku limepungua.

3.3 Usasishaji

Kitenzi sasisha kimejengwa kutokana na kielezi sasa, na kinaeleweka bila mwalimu. Tatizo lake ni kwamba kinaficha huduma mbili. Ya kwanza ni toleo jipya la mfumo, linaloleta sura na uwezo mpya. Ya pili ni kiraka cha usalama, kinachoziba mianya ambayo wezi wa data wangepitia. Nchini Kenya, ambako simu imekuwa pochi tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kiraka cha usalama si pambo.

Google na Samsung zimeahidi miaka 7 ya matoleo na viraka kwa Pixel 9 Pro na Galaxy S25 Ultra. Kwa desturi, Apple haitangazi idadi kwa wanunuzi. Mwaka 2024, kwa kutimiza sheria ya Uingereza, ilitamka miaka 5 kuwa kiwango cha chini kwa iPhone 15 Pro Max. Anayepima kwa ahadi ataiweka Apple nyuma. Anayepima kwa historia ataona vingine: iPhone XS ya mwaka 2018 ilipokea matoleo mapya hadi iOS 18 ya mwaka 2024, ilhali Galaxy S9 ya mwaka huohuo wa 2018 iliishia Android 10. Ahadi ni deni, na deni la miaka 7 bado halijafika siku ya kulipwa.

Kwa mnunuzi wa Makadara, hata hivyo, swali zito ni lini hesabu inaanza. Miaka huhesabiwa tangu simu ilipotoka kwa mara ya kwanza, si tangu mnunuzi wa pili alipoitia mfukoni. Atakayenunua Galaxy S25 Ultra ya mtumba mwaka 2029 atakuwa amenunua takriban miaka 3 ya usalama, hata kama kioo chake kinang'aa kama kipya.

4.0 Mapendekezo

Kwanza, neno kumbukumbu lisisimame peke yake katika maelezo ya simu. RAM iitwe kumbukumbu ya kazi, na mahali pa kudumu paitwe hifadhi. Pingamizi linaweza kutolewa kwamba kuhifadhi pia ni kutia moyoni, kama anavyofanya aliyehifadhi Kurani. Jibu letu ni kwamba maana hiyo inaimarisha pendekezo: kilichohifadhiwa hakiondoki usiku unapoingia. Isitoshe, neno hifadhi tayari limo katika Kiswahili cha programu za Android, kwa hiyo halianzi safari mwanzo.

Ni kweli kwamba muuzaji mwenye haraka hatasema "kumbukumbu ya kazi." Atasema RAM, na hatuna haja ya kugombana naye. Kifupisho hicho kinaeleweka kote. Kinachodhuru ni "memori" isiyo na kivumishi, kwa sababu inatamkwa kama jibu ilhali ni swali.

Pili, istilahi usasishaji igawanywe: toleo jipya na kiraka cha usalama. Kila muhula wa ahadi utajwe kwa mwaka wa kuisha, si kwa idadi ya miaka.

Tatu, suala hili lina uso wa kisheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, vinatoa hoja nzuri ya kudai maelezo ya Kiswahili kwenye kasha la simu.

Nne, wanafunzi wa isimu washuke vibandani na kusikiliza. Mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulifanikisha kutolewa kwa programu ya ofisi ya Kiswahili mwaka 2004, na ulidhihirisha kwamba istilahi za kompyuta zinawezekana. Lililosalia ni kuzipima mahali ambapo pesa hubadilisha mikono.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba simu tatu zinazoshindana haziwezi kupangwa kwa tarakimu moja. Pixel inaongoza kwa kumbukumbu ya kazi, Galaxy kwa hifadhi ya kuanzia, na iPhone ina historia ya usasishaji inayozidi maneno yake. Ipi bora hutegemea kazi inayokusudiwa. Kwa mkusanyaji wa fasihi simulizi, hifadhi hutangulia, usalama hufuata, na RAM huja mwisho.

Kuhusu swali tulilouliza mwanzoni, muuzaji alisema alichosikia, na mnunuzi alielewa alichoambiwa. Istilahi ndiyo iliyoshindwa, na istilahi ni kazi yetu sisi tunaosoma Kiswahili. Tukiiacha, kuna wazee wengine ambao sauti zao zitakatika katikati ya wimbo, na si kila mmoja wao atakuwepo kurudia.