Njia ya Uyole Hata Ziwa Nyasa

Barabara kuu itokayo Uyole, karibu na mji wa Mbeya, huelekea kusini hata Kyela, mwendo wa kilomita zipatazo 120. Kwanza hukwea milima ya Uporoto, penye baridi na mashamba ya viazi. Kisha hupita Kiwira, chini ya mlima Rungwe, ikafika Tukuyu penye chai na migomba. Mji huo uko juu kupita mita 1,500, nalo ziwa liko mita 475 tu juu ya bahari. Basi mteremko ni mkali, na msafiri aliyevaa koti Uyole hulivua kabla ya kuufikia mpunga wa bondeni. Karibu na Kasumulu njia hugawanyika. Moja huenda darajani Songwe, mpakani mwa Malawi. Ya pili huingia Kyela hata bandari ya Itungi.

Mtu wa leo hudhani kwamba safari za nchi hii zilianza juu zikashuka. Sivyo. Zamani mlango wa nchi ya Wanyakyusa ulikuwa ziwa. Wamisionari walioingia mwaka 1891 walitoka kusini kwa mito ya Zambezi na Shire, wakavuka ziwa, ndipo wakapanda kwa miguu hata Rungwe. Meli ya Wajeremani, Hermann von Wissmann, ililetwa vipande vipande kwa njia iyo hiyo. Na penye maporomoko ya Shire, ambapo chombo hakipiti, wapagazi walivichukua vipande hivyo kwa nguvu zao. Mwaka 1893 ikaelea ziwani. Jina la meli hutajwa mara nyingi. Wapagazi hutajwa na wachache.

Baadaye Wajeremani walihamisha boma lao kutoka ufukoni kwenda mlimani, mahali paitwapo leo Tukuyu, na mizigo iliyoshushwa Mwaya ikapandishwa huko. Lakini magari yalipoenea, na reli ya TAZARA ilipofunguliwa kupitia Mbeya mwaka 1976, mlango ulihamia juu. Sasa saruji na mafuta huteremka, nao mchele na kakao hupanda.

Adui wa njia za bondeni ni maji. Mvua ya Kyela hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, ikileta udongo wa milimani. Udongo huo huustawisha mpunga, kisha huenda kuijaza bandari ya Itungi mchanga.